Sekunde Sitini za Mutwanga

Vijana wa bureau, ofisi yetu ya mawasiliano, mliniomba niandike namna tulivyofanya kazi ili msianze kila kitu upya. Siku ya kuniaga mlinipa daftari hili na kalamu, pamoja na keki na hotuba ya Docteur, mkurugenzi wetu. Katika hotuba ile nilisikia kwamba kwa miaka yangu yote sikuwahi kuacha kituo cha afya hata kimoja bila mawasiliano. Nilipiga makofi pamoja nanyi, na makofi yale yalinichoma. Nitawaeleza sababu. Njiani mtajifunza pia kosa moja la proksi ambalo yeyote kati yenu anaweza kulifanya kesho asubuhi.

Nilianzia kwenye phonie. Kwa ninyi mliozaliwa simu ikiwa tayari mfukoni: phonie ni redio ya kusemezana kwa mbali, na yetu ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya maternité, wodi ya wazazi, hapa Butembo. Waya wa antena ulifungwa kati ya mikaratusi miwili, na chini ya meza palikuwa na betri ya lori. Mwalimu wangu alikuwa Papa Paluku, mwanamume mfupi asiyevua koti, Mprotestanti wa kuamka kabla ya jogoo. Yeye aliamini kwamba karibu magonjwa yote ya phonie yanatoka kwenye vichwa vya betri. Siku yangu ya kwanza redio ilikataa, nami nikaifungua yote kwa bisibisi ili aone kwamba nimesoma. Aliningoja mpaka nikamaliza kuifunga tena, ikiwa bado imekataa. Kisha akanipa mswaki wa zamani na kikombe cha maji ya moto, akanionyesha betri kwa kidevu.

Kila asubuhi saa moja na nusu, baada ya sala, tuliita vituo kimoja kimoja: Kirumba, Musienene, Beni, Mutwanga. Kila kituo kilijibu salamu, tukaandika kwamba kipo. Kwenye phonie anasema mmoja tu kwa wakati. Ukishika kitufe bila kusema, umeziba midomo ya vituo vyote. Mimi nilifanya hivyo wiki ya pili: niliwaza mambo yangu kidole kikiwa kwenye kitufe, na Kirumba walikuwa wanahangaika kutuita. Papa Paluku aliniondolea kipaza sauti mkononi.

“Kakule, kama hauna neno, toka ku ligne,” alisema. “Bengine banangoja.”

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Toka siku hiyo nikawa mtu wa kufunga laini isiyosema, na baadaye nilipopata wasaidizi niliwagombeza kwa maneno yale yale. Kwa phonie ilikuwa sheria nzuri kabisa. Papa Paluku alikufa kabla kompyuta hazijafika kwetu, na kwa hilo namwonea wivu.

Kompyuta zilipofika, phonie ikawekwa stoo nami nikapelekwa mafunzoni nijifunze seva. Tulikuwa na seva moja Butembo, na mbele yake tuliweka proksi, yaani mashine inayokaa mlangoni. Beni, Mutwanga, Musienene, wote waliingia kwa mlango huo mmoja. Proksi ilipokea ombi lao, ikalipeleka kwa seva, ikawarudishia jibu. Niliipenda sana. Ilikuwa na daftari lake, ile journal mnayoijua, ambamo kila ombi liliandikwa na saa yake. Mtu akidanganya kwamba mtandao ulikuwa haupo, nilifungua journal nikamwonyesha. Nilikuwa nikifanya hivyo kwa furaha isiyo ya Kikristo.

Kisha ukaja ukurasa wa damu. Damu ya kuongezewa wagonjwa ilihifadhiwa Beni, kwenye frigo lenye umeme wa kuaminika, na vituo vidogo viliiomba kutoka huko. Mtaalamu mmoja alikuja kwa wiki mbili, akatutengenezea ukurasa: muuguzi wa Mutwanga anaandika aina ya damu na idadi ya mifuko, anabonyeza, na hapo hapo kengele inalia kwenye kompyuta ya Beni. Motard anapanda pikipiki. Juu ya ukurasa kulikuwa na nukta: ikiwa ya kijani, kituo kimeunganishwa. Mtaalamu alikula samaki wetu, akapiga picha, akaenda zake.

Siku alipoondoka ukurasa, ambao alikuwa ameujaribu kwenye seva yenyewe tu, ulikataa kabisa kupita kwenye proksi, na hili mliandike. Ukurasa wa kawaida huuliza, hujibiwa, mlango hufungwa. Huu wa damu uliomba mlango ubaki wazi kutwa, ili Beni ipate habari bila kuuliza. Ombi hilo la kubaki wazi husafiri katika maneno ya utangulizi wa ujumbe, na proksi, ikiwa haikuagizwa, huyatupa njiani. Seva inaona mgeni wa kawaida, inamjibu na kumfungia. Nilitafuta siku tatu kwenye nyaya, kwenye antena, hadi kwenye umeme. Dawa ilikuwa mistari miwili ya kuiagiza proksi ipitishe maneno yale kama yalivyo. Nilijiona mkubwa.

Nikiwa bado na ukubwa huo nikakuta mstari mwingine ulioachwa na mtaalamu: muunganisho usiopitisha neno lolote ufungwe baada ya saa nzima. Saa nzima! Niliona watu wa vituoni wakiacha kurasa wazi huku wanakunywa chai, wameshika mlango bila kusema. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyeniagiza. Nilifuta nikaandika sekunde sitini.

Sasa nimlete Masika. Alikuwa muuguzi wa Mutwanga, mzaliwa wa Musienene, Mkatoliki wa kwaya, na alikuwa hamung'unyi maneno. Wiki chache baada ya ukurasa kuanza alinipigia simu.

“Papa Kakule, hii machine yako iko na tabia mubaya. Asubuhi tunasalimiana muzuri. Mais nikienda kuona mugonjwa, nikirudia naandika, Beni hapana jibu.”

“Point iko rangi gani?”

“Verte. Kijani.”

“Basi haina shida. Beni ndio banalala. Actualise page, fungua upya.”

“Kila mara?”

“Kila mara.”

“Donc mi nifanye kazi ya infirmière, nifanye na yako,” alisema, akacheka, akakata.

Nilimwomba ajaribu mbele yangu, mimi nikiwa kwenye simu. Alifungua ukurasa, akaandika, Beni ikapokea. Tukajaribu tena, ikapokea. Nikaandika kwenye daftari langu: Mutwanga, hakuna kosa. Na kila asubuhi saa moja na nusu, kwa desturi ile ile ya phonie, kila kituo kilifungua ukurasa na kuandika “Bwana asifiwe”, na vyote vilionekana kwenye karatasi niliyochapisha. Docteur alipenda sana karatasi ile ya asubuhi na aliituma kwa wafadhili. Aliupenda ukurasa hata akakataza kuomba damu kwa simu, kwa sababu simu haiachi trace, yaani alama ya maandishi.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi ya kawaida. Mama mmoja alijifungua Mutwanga saa tatu na kitu asubuhi, damu ikakataa kusimama. Masika alimwacha msaidizi akimkandamiza, akakimbia kwenye kompyuta. Nukta ilikuwa ya kijani, naye hakuwa na nafasi ya kufungua ukurasa upya. Aliandika O positif, mifuko miwili, haraka, akabonyeza. Ukurasa ukamwandikia “envoyé”, yaani imetumwa. Alirudi kwa mgonjwa akijua kwamba motard yuko njiani. Baada ya karibu saa moja, hakuna pikipiki, alivunja amri akapiga simu Beni. Walimwambia hawajaona ombi lolote. Motard aliondoka mara moja, akasimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi mpaka barabara ifunguliwe, kama mnavyoijua barabara ile. Alipofika na kisanduku cha damu, mama alikuwa amefunikwa shuka. Mtoto alipona.

Kikao kilifanyika Butembo, kwenye chumba cha meza ndefu. Docteur alikaa katikati. Masika alikaa peke yake upande wa dirisha, amevaa gauni lake la misa. Niliitwa na journal yangu mkononi, imechapishwa vizuri.

“Monsieur Kakule,” Docteur alisema, “journal inaonyesha nini?”

“Mutwanga ilisalimia saa moja na nusu. Kutoka pale mpaka saa tano, hakuna ombi ata moja.”

“Hakuna?”

“Hakuna trace.”

“Nilibonyeza,” Masika alisema. “Niliona ‘envoyé’ na macho yangu. Point ilikuwa verte.”

“Machine haina sababu ya kudanganya, Masika,” Docteur alisema. “Labda ulichoka. Labda uliandika, ukasahau kubonyeza.”

Aligeuka akanitazama. “Papa Kakule, sema kitu. Nilikuambiaka hii mambo.”

Ni kweli alikuwa ameniambia, nami nilikumbuka. Lakini kwenye daftari langu nilikuwa nimeandika kwamba hakuna kosa, na watu walikuwa wananingoja.

“Sina kitu ya kuongeza,” nilisema.

Masika alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Huko Mutwanga watu walisema aliacha mama afe akiwa anacheza na simu. Alirudi kwao Musienene, na habari ikamtangulia, maana habari kama hiyo haikosi lori la kupanda.

Miezi ilipita. Nilikwenda Mutwanga kubadilisha betri za sola, nikamaliza mapema, nikakaa kwenye kiti kilichokuwa cha Masika kungoja pickup ya kurudi Beni. Muuguzi mpya aliniletea chai. Ukurasa wa damu ulikuwa wazi mbele yangu na nukta yake ya kijani. Nilikunywa chai bila haraka. Kisha, kwa kukosa la kufanya, niliandika “jaribio”, nikabonyeza. “Envoyé.” Nikampigia Kavira, mama anayekaa kwenye kompyuta ya Beni.

“Umeona kitu?”

“Hapana kitu, Papa.”

Nilifungua ukurasa upya nikaandika tena hapo hapo. Kavira akaona. Nikavua saa yangu nikaiweka mezani. Nilifungua ukurasa, nikangoja sekunde hamsini, nikabonyeza: Kavira akaona. Nilifungua, nikangoja sekunde sabini, nikabonyeza: Kavira hakuona, na nukta ilikuwa ya kijani vile vile. Nilirudia mara sita. Sikuhitaji mara sita. Nilitaka walau mara moja itokee tofauti.

Mambo yalikuwa hivi. Proksi ilikuwa inafunga muunganisho wa Mutwanga baada ya dakika moja ya kimya, kama nilivyoiagiza mimi. Ukurasa ulipofungiwa, hakuna aliyeuandikia kwamba ugeuze nukta kuwa nyekundu. Mtaalamu aliipaka kijani siku ya kuunganishwa akaishia hapo. Na muunganisho ukishafungwa, kompyuta ya mtumaji humeza maneno bila kulalamika. Ukurasa wenyewe uliandika “envoyé” mara kidole kinapobonyeza, bila kungoja Beni ijibu. Maneno hayakutoka Mutwanga kamwe, ndiyo sababu journal haikuwa nayo. Beni haikupata shida hiyo kwa kuwa huko mambo hayanyamazi, kila mara kuna kituo kinachoandika. Mutwanga ni kituo kidogo. Kinaweza kukaa kimya asubuhi nzima, na kikisema, ni kwa sababu mtu anakufa.

Dawa, mwandike tena. Msikimbilie kuongeza muda wa proksi peke yake. Kati ya Mutwanga na Butembo kuna mitambo ya watu wa simu ambayo nayo hufunga kinachonyamaza, na hiyo hamna amri juu yake. Nilifanya seva isalimie kila kituo kila sekunde ishirini na tano, salamu ndogo ambayo mtu haioni, na kituo kiijibu. Salamu mbili zikikosa jibu, nukta inakuwa nyekundu na ukurasa unajiunganisha upya. “Envoyé” haitokei mpaka Beni ikiri kupokea. Na mkijaribu muunganisho wa aina hii, msijaribu kwa kuandika haraka haraka huku mko kwenye simu. Fungueni, nyamazeni, nendeni mkanywe chai, rudini ndipo mjaribu. Mimi nilijaribu miaka yote kwa kusema, na kosa lilikuwa kwenye kunyamaza.

Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Nikaandika ripoti ya kurasa tatu, nikaeleza sekunde sitini ni za nani, nikampelekea Docteur. Aliisoma yote, na hilo namkubalia.

“Machine imetengenezwa?”

“Ndiyo, Docteur.”

“Ni muzuri. Basi tusonge mbele.”

“Na Masika?”

Alikunja ripoti mara mbili. “Dossier ya Masika ilifungwa. Tukiifungua, familia ya marehemu itatupeleka ku parquet, kwa waendesha mashtaka, bafadhili bataondoka, na vituo vyote vitafunga. Unataka vile? Papa Kakule, umebakisha miaka ngapi?”

“Tatu.”

“Basi.”

Niliondoka. Mnangoja niseme kwamba nilipigana, kwamba nilirudi siku ya pili nikagonga meza. Sikurudi. Nilikuwa na watoto chuoni na nyumba isiyo na dari, na nilijiambia kwamba nitasema nikishatoka. Miaka mitatu nilipita mbele ya mlango wa Docteur kila asubuhi tukisalimiana vizuri. Niliona aibu, kisha nikaizoea, na sasa naona aibu kwa kuizoea.

Wiki ya kwanza ya kustaafu nilivaa koti, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, kwenda Musienene siku ya soko. Nilikuwa nimeandika ukweli wote kwenye karatasi, nimetia sahihi. Nilimkuta Masika ameketi nyuma ya marundo ya viazi, amenenepa kidogo, kitambaa kichwani. Alinitambua. Alimaliza kwanza kumhudumia mteja wake.

“Masika,” nilisema, “ulibonyeza.”

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwa maana hakunipa kiti. Aliniacha mpaka mwisho.

“Tangu lini unajua?”

“Miaka tatu.”

“Miaka tatu.” Alipanga viazi ambavyo tayari vilikuwa vimepangika. “Papa Kakule, unajua mi nilisha kuamini benye banasema? Mara ya kwanza nilikuwa nasema nilibonyeza. Kisha nikaanza kujiuliza. Kila mutu anasema hapana, machine inasema hapana, na Papa Kakule mwenye anajua machine anasema hana kitu ya kuongeza. Nikasema labda mukono ilikosa. Nikaenda ku confession, padri akanipa pénitence. Nikapanda lori mpaka Mutwanga, nikapiga magoti mbele ya bwana ya ule mama. Nikamwambia ni mimi.”

“Alisema nini?”

“Alilia. Akanisamehe. Alinisamehe kitu sikufanya, Papa. Sasa ile pardon nitamurudishia aje?”

Nilimpa karatasi. Aliisoma polepole, midomo ikisogea. Alipofika chini aliigeuza akatafuta muhuri nyuma, akairudisha mbele.

“Cachet iko wapi?”

“Niko retraité. Sina cachet.”

“Basi ni maneno ya muzee moja ku soko.” Aliikunja vizuri akanirudishia. “Kuniharibu, ulisemea mu salle ya kikao, mbele ya Docteur, na karatasi ya bureau. Enda usemee kule kule.”

“Wasingya,” nilisema, nikimshukuru kwa kilugha chetu. Yeye alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Nilimwandikia Docteur nikiomba dakika kumi katika kikao cha mwezi. Nilijibiwa kwa barua yenye cachet, safi na ya mviringo, kwamba vikao vya bureau havina nafasi kwa wastaafu. Niliandika tena, na mara hii hakuna aliyejibu. Kwa hiyo nasemea hapa, katika daftari mlilonipa wenyewe, nanyi mlisome kwa sauti katika chumba kile cha meza ndefu, Docteur akiwepo. Mna funguo za seva. Fungueni journal ya siku ile, tarehe nimewaandikia kwenye jalada la ndani. Mtaona salamu ya Mutwanga saa moja na nusu, kisha nafasi tupu mpaka saa tano. Tupu ile niliifanya mimi, Kakule, kwa mkono wangu. Masika alibonyeza.